Kindi Warukao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi North Carolina, mashariki mwa Marekani, kwenye mtaa uliozungukwa na mialoni na mihikori mirefu. Ndugu au rafiki akija kunitembelea, giza likishaingia namtoa kibarazani tukamtazame kindi arukaye, na maswali huwa yaleyale. Mengine huletwa na majirani waliosikia vishindo darini. Nimeyapanga hapa kuanzia ya mwanzo hadi yale yenye utata. Nisipotaja mwingine, ninayemzungumzia ni kindi arukaye wa kusini, *Glaucomys volans*, kwa sababu ndiye ninayemwona.

## Kumfahamu

1. Kindi arukaye ni mnyama gani hasa?

Ni kindi, kuchakuro kwa jina lingine, jamaa ya wale unaowaona mchana wakipanda miti. Ni mnyama mgugunaji, ana meno mawili ya mbele juu na mawili chini yasiyoacha kukua, hunyonyesha watoto na hula kokwa. Amewazidi wenzake kwa kitu kimoja: ngozi pana, laini, iliyofunikwa manyoya, inayoanzia mkononi na kuishia mguuni kila upande wa mwili. Akiwa ametulia ngozi hiyo hujikunja ubavuni ukadhani kavaa kanzu iliyomzidi kipimo. Akijirusha hewani hutandazika ikawa mraba.

Watu wa asili wa Virginia walimjua zamani. Mwingereza John Smith, aliyefika huko mwanzoni mwa karne ya 17, aliandika jina walilomwita: assapanick. Linnaeus naye, mwanasayansi Mswidi, alipompa jina la kisayansi mwaka 1758 alichagua neno la Kilatini *volans*, yaani arukaye.

2. Je, anaruka kweli?

Inategemea neno “kuruka” unalielewaje, na hapa Kiswahili kimetufaa sana. Chura anaruka, mtoto anaruka kamba, ndege anaruka, hata ndege ya abiria inaruka. Kindi huyu kwanza anaruka kama chura, kwa kujisukuma na miguu ya nyuma. Kisha ananyiririka hewani kama tiara iliyokatika uzi. Asichoweza ni kupiga mabawa, kwa kuwa hana mabawa. Akishaliacha tawi safari ni ya kushuka tu, na akitaka kuwa juu tena lazima apande mti kwa kucha zake kama kindi wengine.

3. Basi si popo huyu?

Mjomba wangu alipokuja kutoka Tanga ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Hapana. Popo ana mabawa halisi: vidole vyake vimerefuka vikawa mbavu za bawa, naye hupaa, hugeuka na kubaki hewani anavyotaka. Vidole vya kindi ni vidole vya kawaida vya kushikia kokwa.

4. Ana ukubwa gani?

Ni mdogo kuliko watu wanavyotarajia. Kutoka pua hadi ncha ya mkia hafiki sentimita 26, na uzito wake ni kama gramu 50 hadi 80. Yai la kuku wa kisasa laweza kumshinda. Kinachomfanya aonekane mkubwa ni manyoya, mkia mpana uliolala bapa kama unyoya wa ndege, na yale macho. Macho yake meusi ni makubwa mno kwa kichwa chake, na ukimmulika ghafla ndiyo utakayoyaona kabla ya kitu kingine chochote.

5. Wako wa aina ngapi, na wanapatikana wapi?

Kuna aina 50 hivi duniani, na nyingi ziko Asia. Huko ndiko waliko wale wakubwa wa jenasi ya *Petaurista*, ambao pamoja na mkia hukaribia urefu wa mita moja. Kwenye milima ya kaskazini mwa Pakistani kuna mwingine mkubwa mwenye manyoya mazito kama sufu. Wanasayansi walidhani ameshatoweka hadi alipopatikana tena mwaka 1994.

Ulaya wana mmoja, ambaye eneo lake linaanzia Finland na Estonia, linapita Urusi yote na kufika kisiwa cha Hokkaido, Japani. Marekani na Kanada wapo watatu. Wa kusini yuko mashariki, kuanzia kusini mwa Kanada hadi Florida na Texas, na makundi yaliyotengana yako Meksiko, Guatemala na Honduras. Wa kaskazini, *Glaucomys sabrinus*, ni mkubwa zaidi na anapenda misitu ya baridi. Wa tatu anaishi pwani ya Pasifiki, na alikuwa akihesabiwa kuwa yuleyule wa kaskazini hadi mwaka 2017, vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kwamba ni aina yake peke yake.

6. Afrika Mashariki wapo?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu ni ndiyo na hapana.

Kindi warukao wa ukoo ninaouzungumzia hawapo Afrika. Lakini Afrika ina wanyama wake wanaonyiririka vilevile, wa ukoo mwingine kabisa, wanaoitwa anomaluri. Ukimwona mmoja usiku utaapa kwamba ni kindi. Mchunguze karibu. Chini ya mkia, karibu na shina lake, ana safu za magamba magumu yenye ncha, naye huyakandamiza kwenye gome asiteleze anapong'ang'ania mti. Tofauti nyingine iko kwenye ngozi yake. Kijiti cha gegedu (mfupa laini kama wa sikio) kinachoitandaza huanzia kwenye kiwiko, wakati cha kindi warukao huanzia kwenye kifundo cha mkono. Kwa hiyo hawa wawili hawakurithi ufundi huu kwa babu mmoja. Kila ukoo uliupata kwa njia yake, na mimi nikilifikiria jambo hilo nabaki nimeshangaa kila mara.

Anomaluri wa Derby ndiye anayejulikana zaidi. Anapatikana kuanzia Afrika Magharibi, akipita Kongo na Uganda, hadi Kenya, Tanzania na Msumbiji. Kenya ametajwa sana katika msitu wa Kakamega, na Tanzania yumo kwenye misitu ya milima kama Udzungwa na hata kwenye miombo. Huguguna magome na kulamba utomvu, kwa hiyo miti anayoipenda hubaki na makovu. Kwenye misitu ya Kongo kuna jamaa zake wadogo sana, wepesi kuliko hata kindi wangu wa North Carolina. Msomaji aliyelelewa karibu na misitu hiyo huenda ameshamwona mnyama huyu akampita juu ya kichwa, akamwita popo.

## Namna anavyoruka

7. Ngozi ile imekaaje, na anaiongoza vipi?

Chukua khanga, shika pembe mbili kwa mikono, nyingine mbili zifunge kwenye vifundo vya miguu, kisha panua mikono na miguu. Ndivyo alivyo. Ndani ya ngozi mna misuli myembamba, kwa hiyo haining'inii ovyo kama nguo; anaweza kuikaza au kuilegeza katikati ya safari. Kile kijiti cha gegedu nilichokitaja (swali la 6) hujitokeza nje ya kifundo cha mkono na kuongeza upana wa ngozi. Akikigeuza juu kidogo, ncha ya ngozi nayo hupinda, sawa na ncha zilizopinda za mabawa ya ndege za abiria za siku hizi.

Mkia humsaidia kutulia na kupunguza mwendo. Akitaka kukata kona hushusha mkono mmoja na kukaza ngozi upande mmoja, na anaweza kugeuka hata nyuzi 90 akiwa hewani ili kulikwepa tawi.

8. Anaweza kufika umbali gani?

Mara nyingi ni safari fupi, kutoka mti mmoja hadi wa pili, mita chache hadi 20 hivi. Kwa kindi wa Amerika imepimwa miruko iliyozidi mita 60, na wale wakubwa wa Asia hupita mita 100. Kinachoamua ni urefu wa mti anaoanzia. Kwa makadirio, kila mita mbili anazokwenda mbele anapoteza mita moja ya kimo. Mahali penye miti mifupi iliyoachana mbali hana la kufanya isipokuwa kushuka chini na kukimbia. Na chini hayuko vizuri: ile kanzu humkwaza, mbio zake ni za kurukaruka, na paka humkamata kirahisi.

9. Mbona hutikisa kichwa kabla ya kuruka?

Anapima. Utamwona amesimama ukingoni mwa tawi, anainamisha kichwa, anakiinua, anakisogeza kushoto, halafu kulia, mara mbili tatu. Jaribu mwenyewe: fumba jicho moja, tazama nguzo mbili, kisha sogeza kichwa. Iliyo karibu itaonekana kuhama zaidi kuliko iliyo mbali. Kwa njia hiyo anajua mti anaoutaka uko umbali gani.

Jioni moja ya mwezi wa kumi nilimwona mmoja akipima kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akageuka, akapanda juu zaidi kama mita tatu, akapima upya, ndipo akajirusha. Sina njia ya kujua kilichokuwa kichwani mwake, lakini alitua kwenye mti uleule aliokuwa akiutazama mwanzo.

10. Akitua hufanya nini?

Karibu na shina huinua kifua na mkia, ngozi inashika hewa kama mwavuli, mwendo unakatika, naye hutua kwa miguu yote minne, kichwa juu. Ukikaa kimya unasikia “tap” ndogo kwenye gome. Kisha, kabla hujapepesa jicho, anazungukia upande wa pili wa shina. Hafanyi hivyo kwa michezo. Bundi akiwa alimfuata nyuma, hapo alipotua atakuta gome tupu.

## Maisha ya usiku

11. Nimeishi hapa miaka kumi. Mbona sijawahi kumwona?

Kwa sababu ukiwa macho yeye amelala, na akiamka wewe umeshafunga mapazia. Hutoka muda mfupi baada ya jua kuzama na kurudi kabla ya mapambazuko. Kwenye mitaa mingi ya mashariki mwa Marekani yenye miti mikubwa ya zamani, kindi hawa wapo jirani kabisa na watu wasiojua hata kwamba kuna mnyama wa namna hiyo.

Ukitaka kumwona, kaa nje nusu saa baada ya magharibi karibu na mahali pa kulishia ndege penye mbegu za alizeti. Usimulike kwa tochi nyeupe. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni, maana mwanga mwekundu haumsumbui sana. Kwanza sikiliza. Ana sauti nyembamba kama ya kifaranga cha ndege, na usiku ndege wengi wadogo wamenyamaza, kwa hiyo ukisikia “tsii” gizani juu ya mwaloni, inua macho. Sauti zake nyingine ni za juu mno, sikio la binadamu halizipati.

12. Anakula nini?

Watu humdhania mla kokwa tu. Ni kweli kwamba kokwa za hikori na za mwaloni ndizo tegemeo lake, hasa kuelekea majira ya baridi, na huzificha kwa wingi kwenye mipasuko ya miti na ardhini. Lakini hula pia matunda madogo, uyoga, maua machanga, wadudu, mayai ya ndege, makinda, na hata mzoga akiukuta.

Kindi wa kaskazini ana ulaji wake: hutegemea sana laikeni (ule ukoga mkavu unaoota kwenye magome ya miti) na ule uyoga unaokua chini ya ardhi kwenye mizizi ya miti. Huufukua kwa kuufuata harufu, na mbegu zake hupita tumboni bila kuharibika, akaziacha mahali pengine pamoja na kinyesi. Uyoga huo ndio unaoisaidia mizizi ya misonobari kunyonya maji na virutubisho. Kwa hiyo kindi anayekula uyoga anaupandia msitu chakula chake.

13. Nitajuaje kwamba wapo kama siwezi kuwaona?

Okota maganda ya kokwa chini ya mihikori. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, na watoto huifurahia. Kindi mkubwa wa kijivu, yule wa mchana, huipasua kokwa vipande vipande, ukakuta vigae vimetapakaa. Panya hutoboa matundu zaidi ya moja. Kindi arukaye hutoboa tundu moja la mviringo, kingo zake laini, anatoa nyama yote ya ndani na kuliacha ganda zima. Ninalo moja mezani ninapoandika. Ukipitisha kidole ukingoni mwa tundu haliparuzi. Ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo midogo sana ya meno imepangana kulizunguka, kama kazi ya fundi aliyepiga msasa.

14. Anajenga kiota wapi?

Kwenye tundu la mti. Mara nyingi ni tundu lililotobolewa na kigong'ota na kuachwa, au pengo lililobaki tawi lilipooza. Mlango wa sentimita nne au tano humtosha, na ukiwa mdogo hivyo ni afadhali kwake, maana rakuni, mnyama wa Marekani mwindaji wa usiku anayepanda miti, hapenyi. Ndani hutandika nyuzi za magome yaliyochambuliwa, majani makavu na manyoya. Kindi mmoja huwa na viota kadhaa na huhama kati ya hivyo. Penye uhaba wa matundu hufuma kiota cha majani kwenye panda ya matawi, au huingia kwenye sanduku la kuhifadhia ndege. Au kwako (swali la 19).

15. Majira ya baridi hulala usingizi wa miezi?

Halali. Huku theluji ikishuka hupunguza kutoka, na usiku wa baridi kali hubaki ndani, lakini hana ule usingizi mzito wa miezi. Dawa yake ni kukumbatiana. Wale ambao kiangazi walikuwa kila mmoja na lake hukusanyika kwenye tundu moja, wakubwa kwa wadogo, wawe wa damu moja au wasiwe. Makundi ya kumi au ishirini si ajabu. Kindi wa gramu 60 akiwa peke yake hupoteza joto haraka mno. Wakiwa rundo, kila mmoja anaguswa na upepo sehemu ndogo tu ya mwili wake.

16. Huzaa mara ngapi, na nani analea?

Mara nyingi ni misimu miwili kwa mwaka: watoto wa kwanza mwanzoni mwa majira ya kuchipua, wa pili kuelekea mwisho wa kiangazi. Mimba hukaa siku 40 hivi. Huzaliwa wawili hadi wanne, uchi, vipofu, kila mmoja gramu chache tu, lakini ule mkunjo wa ngozi ubavuni tayari unaonekana. Macho hufunguka wakiwa na wiki nne hivi, na huacha kunyonya wakifikia miezi miwili.

Mama hulea peke yake. Dume hatakiwi karibu. Mama akihisi hatari huwabeba watoto mmoja mmoja mdomoni hadi kiota kingine, na safari hiyo anaweza kuifanya hewani, mtoto akiwa ameshikwa kwa ngozi ya tumbo.

17. Huishi miaka mingapi?

Porini wachache hufika mitano au sita, na wengi hufa wangali wachanga. Wanaofugwa hufikisha kumi. Adui mkuu ni bundi, kisha nyoka wakwea miti, mwewe jioni, rakuni, na paka wa nyumbani. Huyo wa mwisho ndiye wa kuzuilika: mfungie ndani usiku.

18. Ni kweli anang'aa rangi ya waridi?

Ni kweli. Profesa mmoja wa misitu huko Wisconsin, Jonathan Martin, alikuwa akitazama msitu usiku kwa taa ya urujuanimno (mwanga ambao macho ya mtu hayauoni), kindi arukaye akapita mbele ya mwanga akang'aa waridi. Yeye na wenzake wakaenda kukagua ngozi zilizohifadhiwa kwenye makumbusho, wakakuta aina zote tatu za Amerika Kaskazini zinang'aa hivyo, hasa tumboni. Walichapisha matokeo mwaka 2019. Rangi hiyo inamfaa nini kindi mwenyewe, hilo bado wataalamu wanalijadili.

## Kindi na nyumba yako

19. Nasikia vishindo darini usiku. Ni wao?

Ukisikia mchana, huenda ni kindi wa kijivu. Ukisikia kuanzia magharibi, nyayo nyepesi zikikimbia na kokwa zikibingirika juu ya silingi, yaelekea ndio wao, na yaelekea si mmoja (swali la 15).

Usikimbilie kuziba tundu. Kosa hilo nililifanya mimi mwaka wangu wa kwanza hapa. Niliziba mlango mwezi wa nne, asubuhi, nikidhani nimemaliza kazi. Usiku mama akawa nje anakwaruza mbao, watoto ndani wanalia kwa sauti nyembamba ambayo sijaisahau. Nilipanda ngazi usiku uleule nikafungua. Njia nzuri ni kusubiri watoto wakue, kisha kuweka kilango cha kutokea tu, ambacho kindi hukisukuma akitoka lakini hawezi kurudi. Baada ya siku kadhaa za kimya ndipo uzibe, na uzibe yote: upenyo wa sentimita tatu humtosha. Katikati ya majira ya baridi usiwatoe, maana watakufa. Siku hiyohiyo ya kuwatoa watundikie sanduku la mbao kwenye mti wa karibu, mita nne au tano juu, lenye mlango wa sentimita nne. Sumu usiweke kabisa.

20. Analeta magonjwa?

Kuna moja la kulijua. Miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waligundua kwamba kindi arukaye wa kusini hubeba vijidudu vya taifasi, ile inayoenezwa na chawa. Usiichanganye na taifodi, yaani homa ya matumbo. Taifasi hii ndiyo iliyowatesa watu wa Burundi miaka ya 1990, kwenye magereza na kambi za waliokimbia vita. Kabla ya ugunduzi huo ilidhaniwa kwamba hifadhi pekee ya vijidudu hivyo ni binadamu.

Wanaougua kwa kuambukizwa na kindi ni wachache sana, na karibu wote walilala au kufanya kazi mahali penye viota, kama dari au kibanda cha porini. Kwa hiyo ukisafisha dari vaa glavu na barakoa, lowesha kinyesi na matandiko kwa dawa kabla ya kufagia, usitimue vumbi. Ukipata homa, kichwa kikali na vipele baadaye, nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba ulikuwa na kindi hawa nyumbani. Inatibika vizuri kwa doksisaiklini ikijulikana mapema.

21. Nimeokota mtoto chini ya mti. Nifanyeje?

Mpe joto kwanza. Vaa glavu, mweke kwenye kisanduku chenye kitambaa laini, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo kando yake. Usimpe maziwa ya ng'ombe. Jua likizama kiweke kisanduku wazi kwenye shina la mti ulipomkuta, ujitenge, paka na mbwa wawe ndani. Mara nyingi mama huja kumchukua. Asipokuja, au kama mtoto ana jeraha, mpigie mtunza wanyamapori mwenye leseni.

22. Naweza kumfuga?

Majimbo ya Marekani hayana sheria moja. Mengine yanakataza, mengine yanataka kibali, kwa hiyo uliza idara ya wanyamapori ya jimbo lako kabla ya jambo lolote. Maoni yangu ni kwamba usimfuge, na sababu si sheria tu. Mnyama aliyeumbwa kunyiririka kati ya miti, anayeamka ukilala, na anayehitaji wenzake kumi wa kukumbatiana nao, ukimweka peke yake kwenye kizimba umemnyang'anya karibu yote.

Biashara nayo ina uchafu wake. Mwaka 2020 mamlaka ya wanyamapori ya Florida ilitangaza kwamba imevunja mtandao uliokuwa umenasa kindi hawa hadi 3,600 porini kwa muda usiofika miaka mitatu, wakauzwa nje ya nchi kana kwamba wamezalishwa kizimbani.

Anayeuzwa madukani kama “kindi wa sukari” ni mwingine kabisa. Huyo si kindi. Anatoka Australia na Guinea Mpya, na hubeba mtoto mfukoni kama kangaruu.

23. Niwalishe?

Kokwa na mbegu zisizo na chumvi, kidogo, mahali pa juu mbali na paka. Bakuli la maji lifanye la kina kifupi, maana kwenye ndoo huzama.

## Yenye utata

24. Nitamtofautishaje wa kusini na wa kaskazini?

Kwa macho, gizani, ni vigumu. Mwenye kumshika mkononi kwa kibali hupuliza manyoya ya tumbo yakaachana. Yakiwa meupe hadi kwenye shina, ni wa kusini. Yakiwa meupe nchani na kijivu kwenye shina, ni wa kaskazini.

25. Je, wako hatarini kutoweka?

Wa kusini kwa jumla hayuko hatarini. Wa kaskazini ana makundi yaliyobaki kwenye vilele vya milima ya Appalachi, kama visiwa vya baridi katikati ya nchi yenye joto. Makundi mawili ya huko yaliwekwa kwenye orodha ya shirikisho ya walio hatarini mwaka 1985, misitu yake ya misprusi (miti ya jamii ya msonobari ipendayo baridi) ikiwa imekatwa karibu yote. Wale wa West Virginia wameondolewa kwenye orodha kwa kuwa msitu umeanza kurudi. Wale wa hapa Carolina bado wamo.

Taabu yao nyingine ni huyuhuyu jamaa wa kusini. Joto likipanda naye hupanda mlima, akiwa na mnyoo wa tumboni ambao yeye humstahimili lakini humdhoofisha yule wa kaskazini. Huko Ontario wamepatikana hata machotara wa aina hizo mbili. Finland nako, ambako sheria inalinda mahali anapozaa kindi arukaye wa Ulaya, ugomvi kati ya wakata miti na watetezi wake hauishi.

26. Si huyu anayewanyang'anya vigong'ota matundu yao?

Ndiye. Kusini mwa Marekani kuna kigong'ota adimu mwenye alama nyekundu shavuni, anayetoboa misonobari iliyo hai, kazi inayoweza kumchukua miaka. Kindi arukaye huingia akalitwaa tundu, na mahali pengine wahifadhi huwaondoa kindi ili kuwanusuru ndege hao. Sioni kosa lao, wala la kindi. Misonobari mikongwe ilikatwa, matundu yakawa machache, na wenye kuyahitaji wakabaki kupigania yaliyopo.

27. Nina mti uliokauka uani. Niukate?

Kama unaweza kuiangukia nyumba, njia au mahali watoto wanapochezea, ukate, lakini kwanza ugonge shina jioni uone kama kuna kichwa kitakachochungulia kutoka kwenye tundu lolote, na usikate wakati wa watoto (swali la 16). Fundi mzuri wa miti anaweza pia kuondoa matawi na kilele tu, akakuachia shina la mita tano au sita ambalo halina pa kuangukia.

Kama hauwezi kumdhuru mtu, uache. Kwenye uwanja wangu umebaki mwaloni mmoja mkavu ambao jirani ameniuliza mara tatu ninaukata lini. Una matundu manne ya kigong'ota. Mwezi wa kwanza mwaka huu, jioni ya theluji, nilihesabu vichwa vilivyotoka kwenye lile la juu, kimoja baada ya kingine: kumi na moja.